Kupunguza uzito huku presha iko juu na kazi haiishi: njia ipi itahimili wiki yako mbaya?

Mpaka saa kumi na mbili jioni programu ya simu ilikuwa inaonyesha kalori 1,140, kila kitu kimeandikwa, hata kijiko cha mafuta ya kupikia. Saa mbili usiku bosi akatuma ujumbe: ripoti irudiwe, iwe tayari kabla ya kikao cha asubuhi. Saa tano nilikuwa nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, nachota kwa mkono bila kujua nachota nini. Kesho yake sikuifungua ile programu. Wala keshokutwa. Nilipokuja kuikumbuka zilikuwa zimepita wiki tatu, na nilikuwa nimeongeza kilo mbili juu ya pale nilipoanzia.

Nina presha ya kupanda, nameza vidonge kila asubuhi, na kazi yangu ni ya kiti na simu. Ndani ya miaka minne nimepita kwenye kuhesabu kalori, kufunga, kupunguza wanga, jimu, na mwishowe kwenye kitu ambacho sikuwahi kukiweka kwenye orodha ya njia za kupunguza uzito, yaani kulala. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu aliye kama mimi: daktari anamwambia apunguze uzito, kazini wanamwambia aongeze kasi, na ana mwili mmoja tu wa kuwaridhisha wote wawili. Kama una afya tele, muda na utulivu, karibu kila njia itakufaa na huna haja ya kusoma hadi mwisho.

Swali linaloulizwa sana ni njia ipi inapunguza kilo nyingi zaidi. Limeshajibiwa, na jibu lenyewe halisaidii sana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya jaribio la watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12, kundi moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Ila ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua kilo nyingi mno na walioongezeka. Yaani mtu na mtu walitofautiana kuliko mlo na mlo.

Kwa hiyo mimi kila njia naiuliza mambo mengine. Inanidai maamuzi mangapi kwa siku? Inagongana na dawa ninazomeza? Na ikikatika Jumatano kwa sababu ya kazi, Alhamisi naweza kuiokota pale ilipoangukia, au inabidi nianze upya?

Kwanza panga vidonge vyako mezani

Hili watu hulipita haraka, na mimi nililipita kwa miaka miwili. Kuna dawa zinazoongeza uzito, na ukiwa unameza mojawapo utajilaumu kwa uvivu ambao huna. Insulini ni mojawapo, pamoja na vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi. Prednisoloni ikitumika muda mrefu inaongeza hamu ya kula na kujaza maji mwilini. Amitriptilini na mirtazapini zinazotolewa kwa sonona, olanzapini ya maradhi ya akili, valproati ya kifafa, hata atenololi ya presha kwa kiasi kidogo. Wapo pia wanawake wanaoongezeka kwa sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu.

Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Prednisoloni iliyotumika muda mrefu, ukiiacha ghafla, inaweza kukulaza hospitalini. Unachotakiwa kufanya ni kumuuliza daktari swali moja: ipo mbadala wa dawa hii usioongeza uzito? Mara nyingine jibu ni ndiyo, na hilo peke yake ni kubwa kuliko mlo wowote. Ukiwa hapohapo, uliza kama inafaa upimwe tezi ya thairoidi, hasa kama una uchovu usioeleweka, unasikia baridi kuliko wenzako na choo ni kigumu. Na ukikoroma, ukaamka umechoka, na unayelala naye akakuambia huwa unanyamaza ghafla kisha unakurupuka ukitafuta hewa, hilo nalo lina jina, apnea ya usingizi, na lina tiba, na ni miongoni mwa mambo yanayopandisha presha.

Msongo unaingiaje kwenye sahani

Msongo wa muda mrefu huuweka mwili katika hali ya tahadhari, na homoni ya kortisoli ikikaa juu wengi wetu hutamani vitu vitamu na vyenye mafuta. Nasema wengi, maana wapo ambao msongo huwafunga tumbo kabisa. Hao wana shida nyingine. Mwenye kula kwa msongo hasukumwi na njaa ya tumbo. Anataka kituo kifupi cha kupumzika, na chakula ndicho kituo kilicho karibu.

Sasa hapa ndipo mambo yanapojikunja. Mlo wenyewe nao ni msongo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanawake 121 uliodumu wiki tatu. Waliobanwa kwenye kalori 1,200 kwa siku, kortisoli yao ilipanda. Waliotakiwa kuandika kila walichokula walijiona wana msongo zaidi. Kubana na kuhesabu, kila kimoja kilileta mzigo wake. Miongo mingi nyuma, mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya nzuri, kufikia karibu nusu kwa miezi sita. Wakawa wakali, wakajitenga, mazungumzo yote yakawa ya chakula, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Hao hawakuwa na bosi wa kuwatumia ujumbe usiku.

Ndiyo maana mlo mkali uliomfaa mwenzako akiwa likizoni unaweza kukuvunja wewe mwisho wa mwezi wakati hesabu zinafungwa.

Kuhesabu kalori, au kupanga sahani

Kuhesabu kuna ukweli ambao hakuna njia inayoukwepa. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, mwanzoni utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, kisha kasi inapungua kwa sababu mwili mdogo unahitaji chakula kidogo. Uzuri wake wa pili ni elimu. Wiki mbili za kuandika zilinionyesha kwamba kalori zangu hazikuwa kwenye chakula cha mchana nilichokuwa nakihofia. Zilikuwa kwenye vinywaji vyenye sukari vya alasiri na vile vya kutafuna nilivyokuwa nakula mbele ya kompyuta, ambavyo kwa dhati kabisa sikuwa navihesabu kuwa chakula.

Ubaya wake ni idadi ya maamuzi. Kila tonge linapimwa, linatafutwa kwenye orodha, linaandikwa. Siku ya utulivu unafanya hivyo huku ukipiga mluzi. Siku ya moto unaacha mlo mmoja, na kwa kuwa hesabu yenye pengo haina maana, unaacha siku nzima. Kwenye swali langu la Alhamisi, kuhesabu kunafeli vibaya.

Kupanga sahani ni kwa kukadiria: nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga, na kinywaji kiwe maji. Huhitaji simu wala mizani ya jikoni. Haikupi namba, na kwa mtu anayependa namba hilo linakera. Mimi lilinikera miezi miwili. Lakini sahani ya saa nane mchana haijui kama ya asubuhi iliharibika. Kila mlo unaanza upya na haudai kulipa deni la uliopita.

Jambo moja la kuongeza hapa, kwa sababu linapunguza kalori bila kuhesabu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani kwa mwezi, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula visivyosindikwa, kila mtu akiruhusiwa kula mpaka atosheke. Wakiwa kwenye vya kusindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya wiki hizo mbili. Hakuna aliyewalazimisha. Kwa hiyo kabla ya kupima gramu, angalia droo ya meza yako ya kazini. Kilichomo ndicho utakachokula saa kumi jioni siku mambo yakiharibika.

Hukumu yangu: hesabu kwa wiki mbili tulivu ili ujue zinakotoka, kisha acha, hamia kwenye sahani.

Kufunga, au kupunguza wanga

Hizi mbili nazipanga pamoja kwa sababu ndizo zinazopendekezwa zaidi na wafanyakazi wenzetu, na ndizo zinazogombana zaidi na dawa.

Kufunga saa 16 na kula ndani ya saa 8 kuna sifa moja ninayoiheshimu: maamuzi ni machache. Asubuhi hakuna cha kufikiria. Ila haina muujiza. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo kutoka Guangzhou, China, ya watu 139 wenye unene uliopitiliza, wote wamepunguziwa kalori, nusu wakibanwa pia kwenye saa nane za kula. Baada ya mwaka waliofunga walikuwa wameshuka wastani wa kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Kufunga kunafanya kazi pale tu kunapokufanya ule kidogo.

Mwenzangu mmoja alishuka sana kwa kufunga, akanihakikishia siku tatu tu za mwanzo ndizo ngumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye hana dawa anayomeza. Mimi mojawapo ya vidonge vyangu ni cha kutoa maji mwilini. Siku ya tano, bila chakula tangu jana jioni, maji kidogo na kahawa mbili, nilisimama ghafla kwenda kwenye kikao, nikapanda ngazi, na nikiwa katikati ya ngazi kuta zikaanza kuzunguka. Nilikaa palepale kwenye ngazi, folda mapajani, watu wakinipita na kunisalimia kana kwamba napumzika tu. Kumbe presha ilikuwa imeshuka mno. Kidonge, kukosa maji na kukosa chumvi ya chakula vilikuwa vimeungana.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au kundi la glibenklamidi hatari ni kubwa zaidi, kwani sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Asifunge kabla daktari hajapanga upya dozi na saa za dawa. Mjamzito, anayenyonyesha, na aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kwa pupa na kujitapisha, njia hii waiache. Kuna na kasoro ya kawaida isiyo ya kitabibu: ukifunga mchana mzima wa kazi ngumu, saa nane zako za kula zinaangukia jioni, wakati ule ule ambao msongo umekomaa na uwezo wa kujizuia umechoka.

Kupunguza wanga nako kunaanza kwa shangwe. Wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo mbili, na wengi hutangaza ushindi. Sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji nayo hutoka. Baada ya hapo kasi inakuwa kama ya njia nyingine. Faida yake ya kweli ni kwa sukari ya damu, hasa aina ya 2 ya kisukari, na kwa watu ambao protini huwashibisha vizuri.

Tahadhari ni mbili. Dozi za presha na kisukari zinaweza kuwa kubwa kupita kiasi ndani ya siku chache tu za mlo huo, hivyo pima mara kwa mara na umjulishe daktari. Na anayetumia dawa za kisukari za dapagliflozini, empagliflozini au dawa nyingine ya kundi hilo asikate wanga karibu wote bila usimamizi: anaweza kupata ketoasidosisi, damu kujaa tindikali, hata kama sukari yake haionekani kuwa juu sana. Hili si la kutishia watu, limo kwenye maelekezo ya dawa zenyewe.

Ikikatika Jumatano? Kufunga kunaokoteka kirahisi: jana ulikula saa nne usiku, leo unaendelea. Kupunguza wanga kwa ukali hakuokoteki hivyo. Mlo mmoja unarudisha yale maji, mizani inaruka, na mtu aliyechoka anaona kazi yote imepotea. Haijapotea, lakini jaribu kumweleza hivyo saa kumi na mbili asubuhi akiwa juu ya mizani.

Jimu au miguu

Hapa sitakaa sana. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nusu saa ya kutembea inachoma kalori mia moja na kitu, na kinywaji kimoja kitamu kinazirudisha kabla jasho halijakauka. Thamani yake iko kwingine: presha hushuka, usingizi unakuwa mzito, roho inachangamka, na uzito ulioshuka unabaki chini. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili.

Mimi kwenye jimu nilikwenda mara 11 ndani ya miezi minne. Hakukuwa na tatizo la mashine. Kulikuwa na kubadili nguo, kwenda, kusubiri, kuoga, kurudi. Saa mbili ambazo kikao kimoja kilichochelewa kilizimeza zote. Kutembea dakika kumi baada ya kula hakumezwi kirahisi, na kwa mwenye sukari kuna faida ya ziada kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu wakati huohuo inapopanda. Simu nyingi za kazini zinaweza kupokelewa ukitembea. Kwa mazoezi ya nguvu, kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika, na kujisukuma ukutani, vinatosha kuanzia. Usipotumia misuli wakati unapungua, sehemu ya kilo unazofurahia kupoteza itakuwa misuli. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, onana na daktari kwanza, na unapoinua kitu kizito usibane pumzi.

Anayependa jimu aende. Kama ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayekuita, hiyo ni dawa ya msongo, kilo zishuke zisishuke.

Usingizi kwanza, au chakula kwanza

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Karibu kila mpango niliowahi kupewa ulianza na chakula, na usingizi ukawekwa mwishoni pamoja na "kunywa maji ya kutosha". Kwa mtu anayelala kwa muda wa saa tano na nusu tu kwa sababu ya kazi, naona mpangilio huo umegeuzwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa watu 10 wenye uzito uliozidi mlo uleule wa kalori pungufu mara mbili, siku 14 kila mara. Mara moja walipewa saa 8.5 za kuwa kitandani, mara nyingine saa 5.5. Mizani ilionyesha karibu sawa, kama kilo 3 kila mara. Lakini walipolala vya kutosha, mafuta yaliyopotea yalikuwa kilo 1.4, walipobanwa usingizi, kilo 0.6 tu, na nyingi zilizobaki zilitoka kwenye tishu isiyo ya mafuta. Njaa nayo iliongezeka. Watu 10 ni wachache, nakubali. Kisha mwaka 2022 wakatoa jaribio la watu 80 wenye uzito uliozidi waliozoea kulala chini ya saa 6.5. Nusu yao walisaidiwa kurefusha usingizi, wakaongeza kama saa 1.2. Hakuna aliyewaambia wale nini. Ikilinganishwa na wenzao, ulaji wao ulipungua takriban kalori 270 kwa siku.

Fikiria hiyo 270. Ni zaidi ya nusu ya zile 500 ambazo mlo wa kuhesabu unazipata kwa jasho, na hapa imepatikana mtu akiwa amelala.

Kwa maswali yangu matatu usingizi unashinda waziwazi. Maamuzi: moja, la saa ya kulala. Dawa: haugongani na yoyote, na presha yenyewe hunufaika. Jumatano ikiharibika, Alhamisi usiku kitanda kiko palepale.

Ugumu wake ni kwamba usingizi unaibwa na watu wengine. Bosi hawezi kukulisha kwa nguvu, lakini anaweza kukukesheza. Nilichofanya mimi ni kidogo na hakikuhitaji ujasiri: simu ya kazi inachajiwa chumba kingine kuanzia saa nne usiku, na niliwaambia wenzangu kwamba jambo la dharura wapige, wasiandike. Katika miezi sita walipiga mara mbili. Ujumbe wote mwingine uliokuwa "wa haraka" ulisubiri mpaka asubuhi bila mtu kufa. Kahawa niliihamisha isivuke saa saba mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Na kabla ya kulala naandika kwenye karatasi kazi za kesho, ili kichwa kisizishike usiku kucha kama mtu aliyebeba mayai.

Njia hii ina mipaka. Anayefanya zamu za usiku hawezi kuambiwa tu alale mapema. Akipata hata kuomba zamu zisibadilishwe kila wiki, chumba chenye giza na saa zilezile za kula, amepiga hatua. Anayelala kwa muda wa saa nane na bado anaongezeka, shida yake iko kwingine. Na anayelala kitandani macho kodo mpaka alfajiri kwa wasiwasi, hahitaji kuongezewa saa za kitandani. Anahitaji msaada wa wasiwasi wenyewe, kwa mshauri nasaha au daktari. Wiki mbili mfululizo za huzuni, kukosa hamu ya chochote na kuamka usiku ni sababu tosha ya kuacha habari za kilo kwa muda na kwenda kutibiwa sonona.

Sindano

Sindano za kupunguza uzito hazina aibu na si udanganyifu. Katika jaribio la mwaka 2021 la watu 1,961, waliochomwa semaglutidi kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, na waliochomwa dawa bandia asilimia 2.4. Wengi husema zile kelele za chakula kichwani zinanyamaza, na kwa mla-msongo huo ni ukimya mkubwa. Ila walioacha walirudisha wastani wa theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Kwa hiyo unaposema ndiyo, unasema ndiyo kwa muda mrefu. Kichefuchefu, kutapika na choo kigumu ni vya kawaida hasa dozi inapopandishwa, jambo la kuzingatia kama kazi yako ni ya kusimama mbele ya watu. Haziwafai wenye historia ya familia ya saratani ya tezi ya aina ya medula, na hazitumiki katika ujauzito. Kwa kawaida huandikiwa wenye uwiano wa uzito na urefu wa 30 au zaidi, au 27 wakiwa na maradhi kama presha au kisukari. Zichukue kwa mkono wa daktari. Za kununua kwa mtu mtandaoni hujui ndani mna nini.

Unapochagua

Kama unalala chini ya saa sita na nusu, anza na usingizi kwa mwezi mzima na uache chakula kilivyo. Najua inakera kusubiri. Kama usingizi ni mzuri na tatizo ni jioni za msongo, panga sahani, kula mchana vya kutosha, na uondoe vya kutafuna kwenye droo. Kama una aina ya 2 ya kisukari na daktari anayepokea simu, kupunguza wanga kuna mantiki. Kufunga ningekupa tu kama humezi dawa za sukari wala za kutoa maji, na asubuhi huwa huna njaa hata hivyo. Ikiwa umeshajaribu kwa miaka na maradhi yanaongezeka, uliza habari za sindano leo, usisubiri kwanza "ujitahidi zaidi".

Usianze mbili kwa wiki moja, na usianze yoyote wiki ya kufunga hesabu. Ipe njia wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuihukumu. Mizani hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji na chumvi tu, kwa hiyo pima mara moja kwa wiki, siku ileile, na upime kiuno kwa utepe. Ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kila wiki kwa muda mrefu, punguza kasi. Mawe kwenye kifuko cha nyongo hupenda haraka hiyo. Na uzito ukishuka bila wewe kufanya lolote, nenda ukapimwe.

Lengo lisiwe kubwa kuliko linalohitajika. Presha na sukari huanza kuitikia ukishapunguza asilimia 5 ya uzito. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, walioelekezwa kupunguza asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58, dhidi ya asilimia 31 kwa waliopewa dawa ya kisukari ya metformini.

Mimi nilitoka kilo 92 hadi 87 katika miezi mitano, kwa usingizi, sahani na miguu. Nguo zangu ni zilezile na hakuna kazini aliyeuliza. Daktari alinipima mara mbili, mkono wa kushoto kisha wa kulia, akatazama kadi yangu ya vipimo vya nyumbani, kisha akafuta kile kidonge cha kutoa maji.